Bi Harusi Hana Utumbo

Pale karakana, kila kitu kilizaliwa mara mbili. Mteja akija na wazo lake, iwe kipima joto cha ghala au rimoti ya geti, hawakumtengenezea kimoja. Walimtengenezea viwili, na viwili hivyo havikufanana hata chembe. Cha kwanza kilifanya kazi. Kilikuwa na bodi yake na betri yake, waya zimetokeza nje, kimefungwa tepu nyeusi kila upande, na sura yake ilitisha watoto. Hicho walikiita Punda. Cha pili kilikuwa cha macho tu. Kasha lake lilitoka kwenye printa ya plastiki, likapigwa msasa, likapakwa puti, likapigwa msasa tena, likapuliziwa rangi mpaka mtu akatamani kulilamba. Ndani, patupu. Hicho walikiita Bi Harusi. Punda alikwenda kujaribiwa, Bi Harusi alikwenda kupigwa picha, na mwisho wa yote wawili hao waliunganishwa wakawa kitu kimoja cha kuuza. Ndiyo kazi yenyewe, na haina ubaya wowote, ilimradi watu wajue nani ni nani.

Tatizo, kuna watu na viatu. Mwenye karakana aliitwa Chapchap, na kwa jina hilo hakuonewa. Kila kitu kwake kilikuwa chapchap. Wazo limekuja leo, kesho mteja kashalishika mkononi. Tusimnyime haki yake, mbio hizo ndizo zilizowalisha wote pale. Kwingine mteja alisubiri kalibu ya chuma itoke ng'ambo mpaka akasahau alichoagiza. Lakini mtu akishazoea kusifiwa mbio, hata pale pa kusimama hasimami.

Makasha yote ya karakana yalipita mikononi mwa mwanamke mmoja, ndiyo maana wenzake wakamwita Dada Kasha. Alijua kuchora, alijua kuchonga, na mdomo alikuwa nao. Aliyekaa naye meza moja alikuwa fundi wa bodi, mtu mkimya ambaye kila mtu alimwita Waya. Waya akisema sentensi nzima kabla ya chakula cha mchana, watu walimuuliza kama anaumwa.

Sasa sikiliza habari ya kengele moja ilivyoanza. Dada Kasha alilelewa na shangazi yake, aliyemchukua mama alipofariki, akamsuka, akamchapa, akambembeleza, akamsomesha. Shangazi huyo alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu wa kulia ukafuata, na sauti ikabaki ndogo, haivuki hata pazia la kitanda. Kichwa kilibaki kizima. Naomba hilo ulishike vizuri: kichwa kizima kabisa! Alikuwa bado anakumbuka gauni ambalo Dada Kasha alilichana kwenye uzio wa jirani akiwa darasa la pili, na bado hajalisamehe.

Wodini alikolazwa, wagonjwa waliwaita wauguzi kwa kugonga kikombe cha bati kwenye chuma cha kitanda. Dada Kasha alipomwona shangazi yake anagonga kikombe kwa mkono wa kushoto, akarudi karakana na wazo lake mwenyewe. Kengele ya kushika mkononi. Mgonjwa anabonyeza, kisanduku kilicho kwenye meza ya wauguzi kinalia na kuonyesha namba ya kitanda. Akakanda unga wa ngano, akaupeleka wodini, akamwambia shangazi aufinye kwa ule mkono mzima. Alama ya vidole ilipokauka ndiyo akaichora kwenye kompyuta. Kasha la kwanza lilikuwa nene.

"Hili umemtengenezea tembo?" shangazi aliuliza.

La pili liliteleza. Lililofuata dole gumba halikukifikia kitufe. Kila jioni printa ilitoa jingine na kila asubuhi shangazi alilikataa, mpaka siku moja akalishika, akanyamaza, akalala nalo. "Hili langu," akasema. Dada Kasha alilia kwenye ngazi za hospitali kama mtoto.

Waya akamtengeneza Punda. Dada Kasha akamtengeneza Bi Harusi, wa rangi ya maziwa, kona laini. Ili awe na uhai kwenye picha, akamtia taa nyekundu ndogo na kibetri cha saa, ukibonyeza inawaka. Na ili asiwe mwepesi mkononi, akamgandishia kwa gundi nati ya chuma tumboni. Mambo ya kawaida, Bi Harusi wote walitiwa nati. Hospitali ikakubali Punda ajaribiwe wodini. Chapchap akapata wafadhili. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, na hapo ndipo Dada Kasha akatumwa mji mwingine kufunga mita za maji za mteja, kazi ambayo ilivuta na kuvuta.

Aliporudi hakupitia hata kwake. Alikwenda moja kwa moja wodini na begi lake begani.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi alikuwa ameugeuza uso ukutani. Kitanda kilikuwa hakina shuka, kimebaki na lile plastiki la godoro, na yeye kalazwa juu yake kavu hivyohivyo. Dawa ya kusafishia sakafu ilinuka mpaka inawasha pua.

"Shangazi, ni mimi."

"Marahaba," shangazi akasema taratibu, bila kugeuka. "Umekuja kunipeleka?"

"Nikupeleke wapi?"

"Kule wanakofungiwa. Sista Mkuu amesema akili yangu imeruka. Nahamishwa kesho."

Dada Kasha akakaa kitandani, akainama mpaka sikio likagusana na mdomo wa shangazi yake, maana vinginevyo usingesikia. Na shangazi akamweleza. Kengele zimeletwa, watu wamepiga makofi, kila kitanda kimepata yake. Ukibonyeza taa inawaka. Taa ikiwaka si ndiyo wamesikia? Basi yeye alibonyeza, taa ikawaka, akasubiri. Akabonyeza tena. Taa ikawaka tena, nyekundu, nzuri. Hakuja mtu. Akajikaza mpaka hakuweza. Walipokuja wakakuta kitanda kimelowa, wakamuuliza mbona hukuita? Akasema nimeita. Wakasema kisanduku hakijalia, mama, usiseme uongo. Kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa hivyohivyo, mpaka wakaacha kumwita mwongo wakaanza kumwita mgonjwa wa akili.

"Mimi, na umri wangu huu," shangazi akasema, "nimejikojolea na kengele mkononi."

"Na kikombe chako kiko wapi?"

"Walivikusanya vyote. Wakasema sasa tumeendelea."

Dada Kasha akaichukua ile kengele kiganjani mwake. Vidole vilimwambia kabla ya macho. Aliitikisa karibu na sikio, na ndani nati iliyobanduka gundi ikagonga, ko, ko, ko. Nati yake mwenyewe! Chapchap alikuwa amemchukua Bi Harusi, akamtengenezea kalibu ya mpira, akamwaga plastiki, akatoa Bi Harusi wengine wa kutosha wodi nzima, na wote hawana utumbo, taa na nati tu. Mbele ya pazia, kwenye meza ya wauguzi, kisanduku cheupe kizuri kilikuwa kimekaa na taa yake ya kijani. Nacho kitupu.

Damu ilimpanda kichwani. Haki ya Mungu, kama Chapchap angekuwa pale mlangoni, leo tungekuwa tunasimulia habari ya polisi.

Sista Mkuu alikuwa mezani anakunja bandeji. Si mtu mbaya, tuseme ukweli, ni mtu aliyechoka na mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono. Alimsikiliza Dada Kasha, kisha akatikisa kichwa kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoudhi zaidi ya yote.

"Dada yangu, naelewa una uchungu. Lakini tangu kengele hizi zije, kisanduku hakijalia hata mara moja. Wodi imetulia. Hata ile mizunguko ya kupita kitanda kwa kitanda tumeipunguza, maana mwenye shida ataita. Ni shangazi yako peke yake anayesema ameita na hatukuja. Wenzake hawajasema kitu."

"Hawajasema kwa sababu hawawezi kusema! Hii ni wodi ya kiharusi, sista!"

"Usinipigie kelele."

"Kengele hii ni ya picha. Ndani yake hamna kitu. Nimeitengeneza mimi, kwa mikono yangu hii."

Sista Mkuu alimtazama, akaitazama kengele. Tuseme wasiwasi ulimgusa kidogo, kwa sababu alichukua simu akampigia Chapchap palepale, akaiweka sauti juu. Na Chapchap, jamani, Chapchap akacheka! Akacheka kwa upole, kama mtu anayemtetea ndugu.

"Ah, sista, hizo ni nzima kabisa. Labda betri ya hiyo moja. Huyo dada yetu msimlaumu, ametoka safari ndefu na ana mgonjwa wake hapo. Ni msongo tu wa mawazo. Mwambie akapumzike."

Unaona? Shangazi kachanganyikiwa, na sasa mpwa naye kachanganyikiwa. Sista Mkuu akaichukua kengele mkononi mwa Dada Kasha, akasema ni mali ya wodi, akairudisha kiganjani mwa shangazi na kumfunga vidole juu yake, taratibu, kwa upendo. Kisha akasema muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.

Dada Kasha aliingia karakana bila kubisha hodi. Chapchap alikuwa anapima tai mbele ya kioo cha simu, kwa sababu wafadhili walikuwa wanakuja wodini kesho yake kuona matunda ya msaada wao.

"Msongo wa mawazo?" Dada Kasha akasema.

"Sasa ulitaka nisemeje, mbele ya sista? Tulia kwanza. Kaa."

"Sikai."

"Haya, simama. Zile zilikuwa za makabidhiano. Punda alikuwa na tepu, angepigwaje picha na mganga mkuu? Nikasema tuwape hizi nzuri, kesho yake tutabadilisha chapchap. Kesho yake kazi ya mita, hiyohiyo uliyokuwa nayo wewe, ikanishika, nikasahau. Mtu hasahau?"

"Ukasahau watu wazima wanabonyeza taa."

"Hebu nisikilize. Kesho alfajiri Waya anaingia, anatoa zile, anaweka bodi za kweli. Wafadhili wakifika kila kitu kinalia. Kelele hakuna, aibu hakuna, kazi inaendelea. Nani ataumia?"

"Shangazi yangu anahamishiwa kwa wanaofungiwa mlango kesho hiyohiyo."

"Kengele ikianza kulia, si atatulia?"

Dada Kasha alimwangalia mtu huyu aliyefanya naye kazi miaka yote hii, akaona kweli haelewi. Ikabidi aeleze kama anamweleza mtoto. Zikibadilishwa kesho kimyakimya, kengele ikaanza kulia, watasema ilikuwa inalia tangu mwanzo. Watasema bibi yule alikuwa anasema uongo, au kichwa kilikuwa kimeruka. Hakuna atakayerudi nyuma kumsafisha. Ataitwa mwehu mpaka siku ya kuzikwa, na kila atakaloomba, maji, dawa, mwanga, watamwitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na hawatamletea.

"Unaipeleka mbali," Chapchap akasema, akarudi kwenye tai yake. "Ni mtu mzee, dada. Wazee husahau mambo. Karakana ikifa haifufuki."

Mtu mzee!   Hasira ikizidi hugeuka kilio, na Dada Kasha hakutaka Chapchap aone kilio chake, kwa hiyo akageuka akatazama ukuta wa makasha yaliyofeli, yale nene, yale ya kuteleza, yote yenye umbo la kiganja cha shangazi.

Waya alikuwa mezani kwake muda wote huo, ameinama juu ya moshi wa risasi ya kulehemu. Akakiweka chini kile chuma cha kuchomelea.

"Mimi alfajiri siingii popote," akasema. "Niliambiwa ni za picha. Punda yuko kwenye droo yangu, na kisanduku chake. Nimemtia betri mpya sasa hivi."

Hiyo ilikuwa sentensi zaidi ya moja, na Chapchap akajua mambo yameharibika.

Lakini Chapchap ni Chapchap. Kesho yake alifika wodini na tai yake kama hakuna kitu. Walikuwepo wafadhili, alikuwepo mganga mkuu na koti lake jeupe, alikuwepo mpiga picha. Alisimama kitanda cha kwanza, akamwinua mkono mzee mmoja asiyeweza kusema, akakibonyeza kitufe kwa dole gumba la mzee mwenyewe. Taa nyekundu ikawaka. Makofi. Mzee yule alikuwa analia machozi, na wafadhili wakadhani ni ya furaha. Pembeni, karibu na kitanda cha shangazi, kiti cha magurudumu kilikuwa kimeshaletwa, na shangazi kashafungiwa vitu vyake ndani ya mfuko.

Dada Kasha aliingia na kitambulisho cha karakana kifuani na bisibisi mkononi. Waya alimfuata nyuma na boksi la viatu.

"Shikamooni wakubwa," akasema. "Naomba kitu kimoja tu. Bonyezeni kengele yoyote, halafu msitazame taa. Tegeni sikio kule mezani."

Watu wakatazamana. Mfadhili mmoja mama, mtu wa makamo, akabonyeza. Taa ikawaka. Mezani, kimya. Akabonyeza tena, akaishikilia. Kimya. Ukasikia mtu anakohoa kule mwisho wa wodi.

"Ni mtandao," Chapchap akasema haraka. "Kuta hizi ni nene. Na huyu dada, samahanini, kama nilivyomweleza sista—"

"Hebu nyamaza!" Dada Kasha akasema.

Akaitoa kengele mkononi mwa shangazi. Alijua kasha lile linapoungana, kwa sababu ule mshono aliuchora yeye na kuuficha yeye chini ya rangi. Akaingiza ncha ya bisibisi, akazungusha. Krak! Likapasuka vipande viwili vyeupe. Kikadondoka kibetri cha saa, ikadondoka taa, na nati ikaanguka sakafuni, ikabingirika polepole mpaka kwenye kiatu cha mganga mkuu.  Mganga mkuu akainama, akaiokota, akaigeuzageuza.

"Kengele iko wapi?" akauliza.

"Haipo," Dada Kasha akasema. "Haijawahi kuwepo. Wamebonyeza hii siku zote hizi, wote, kila kitanda mnachokiona. Mkaona wodi imetulia. Na huyu mmoja aliyeweza kusema kwamba ameita, ndiye mnayemfungashia vitu vyake."

Sista Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya meza, karibu na kisanduku cheupe. Alikichukua, akakitikisa, na ndani nati ikagonga, ko, ko. Uso ulimshuka. Akakirudisha chini kwa mikono miwili, kama kitu cha moto.

Waya alikuwa ameshafungua boksi la viatu. Alikiweka kisanduku kingine mezani, cha bati, kilichokwaruzika, na Dada Kasha akampelekea shangazi kile cha mkononi, Punda mwenyewe. Tepu nyeusi, waya nyekundu zimetokeza, kitufe kimetoka kwenye rimoti mbovu. Shangazi alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakitazama.

"Kibaya hivi!" akasema.

"Kibaya, lakini kina utumbo. Bonyeza, shangazi."

Shangazi akabonyeza. Mezani kisanduku kikalia kwa nguvu, mlio mbaya mkali uliowafanya wafadhili waruke na mpiga picha aangushe kofia. Sista Mkuu hakungoja kuambiwa. Miguu ya muuguzi haiulizi, ilishatoka yenyewe, na akawa anakuja mbio katikati ya wodi, akiwapita wakubwa wote, mpaka kitandani.

"Nini, mama? Unataka nini? Maji?"

Shangazi alimtazama vizuri.

"Sitaki maji," akasema, kwa kile kisauti chake. "Nimekuita uniombe radhi."

 Machozi yalikuwa yamemlenga Sista Mkuu, na tusimnyime haki yake, yalikuwa ya kweli. Akainama.

"Samahani, mama," akanong'ona.

"Mimi umenisema mbele ya watu," shangazi akasema. "Nawe sema, sauti ivuke pazia."

Sista Mkuu akanyanyuka. Akageuka, akawatazama mganga mkuu, wafadhili, na vitanda vyote vilivyokuwa vimejaa macho. Akasema kwa sauti kwamba mama huyu aliita, kila siku aliita, na wao hawakuja. Kwamba akili yake ni nzima. Kule kitanda cha kwanza yule mzee asiyesema akaanza kupiga kiganja kwenye chuma, paa, paa, paa, na mwingine akadakia, na mwingine, kila mwenye mkono uliobaki.

Katikati ya kelele hizo Chapchap alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni, hatua moja moja, tai yake mkononi. Hakuna aliyemwona isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa amelala akitazama upande huo. Shangazi akalikandamiza dole gumba kwenye kitufe, na hakuliinua tena mpaka wote wakageuka, wakafuata macho yake hadi mlangoni.